Namba ya kifaa isiwe jetoni: kompyuta zinapoteza kazi za watu kwa kosa linaloweza kuepukwa

Umeme unakatika, kisha unarudi. Kompyuta ya ofisi inawaka tena, na kwa macho hakuna kilichobadilika. Fundi anaitwa kusafisha diski ya nje iliyojaa, ili iwekwe kazi mpya. Jana diski hiyo ilikuwa inaitwa sdb. Leo fundi anaandika amri ya kufuta sdb, anabonyeza, na dakika chache kisha, mahesabu ya miaka mitatu ya ofisi hayako tena. Diski ya nje iko palepale, imejaa kama jana.

Hakuna mwizi aliyeingia. Hakuna virusi. Ni majina mawili tu yaliyobadilishana nafasi wakati mashine ilikuwa inaamka. Jambo la namna hii linaweza kumpata fundi yeyote anayetumia mfumo wa Linux, awe Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi, kama bado anaamini kwamba jina ambalo mashine ilitoa jana ni lilelile ambalo itatoa leo.

Na hapo ndipo penye tatizo. Dawa ya kosa hili iko tangu miaka mingi, na haiombi hata franga moja. Lakini dawa isiyofundishwa ni sawa na dawa isiyokuwako. Wale wanaofundisha kazi ya kompyuta mashariki mwa Kongo, wale wanaoifanya, na wale wanaoilipa, wote wana sehemu yao katika kulimaliza.

Namna mashine inavyoita vitu vyake

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Leo kiini cha mfumo huo kinafanya kazi ndani ya serveri nyingi za intaneti, ndani ya vifaa vingi vya kugawanya Wi-Fi, na ndani ya kila simu ya Android. Kwa hiyo si jambo la wataalamu wa mbali peke yao.

Kila kifaa kilichounganishwa na kompyuta kinaongozwa na draiva, ni kusema programu inayojua namna ya kusema na kifaa hicho. Linux ilifuata desturi ya Unix, mfumo wa zamani uliotengenezwa Bell Labs huko Marekani: kila kifaa kinapewa namba mbili. Namba kubwa inaonyesha draiva. Namba ndogo inaonyesha ni kifaa gani kati ya vile ambavyo draiva hiyo inaongoza.

Tuchukue diski. Draiva ya diski za SCSI, ambayo ndiyo inaongoza pia diski za SATA na flashi za USB, ina namba kubwa 8. Diski ya kwanza, sda, inapata 8 na 0. Ya pili, sdb, inapata 8 na 16, kwa sababu kila diski inatengewa nafasi 16: moja ya diski nzima, na 15 za vipande vyake. Namba 8 haibadiliki. Kinachoweza kubadilika ni diski gani inaitwa ya kwanza na gani inaitwa ya pili.

Kwani mashine inazihesabu namna zinavyojitokeza. Kompyuta za leo zinaamsha vifaa vingi kwa wakati mmoja ili ziwake haraka. Diski moja ikichelewa sekunde moja, ao flashi ikisahauliwa kwenye tundu lake wakati mashine inawaka, mpango wa jana unaweza kuvurugika.

Kila mtu aliyewahi kupeleka mtoto kwenye kituo cha afya anaelewa jambo hili bila kusoma kompyuta. Mlangoni mgonjwa anapewa jetoni: leo yeye ni wa 4, kesho atakuwa wa 11, kulingana na saa aliyofika. Lakini ana pia fishi, yenye namba yake mwenyewe, na humo ndimo muganga anaandika ugonjwa na dawa. Muganga atakayetoa dawa leo kwa kufuata namba ya jetoni ya jana, anaweza kuua mtu. Majina sda na sdb ni jetoni. Mafundi wengi wanayatumia kama fishi.

Daftari lililojaa

Watengenezaji wa Linux hawakufumbia macho shida hii. Walihangaika nayo kwa miaka, na historia yao ina somo.

Mwanzoni njia ilikuwa daftari moja. Mtu aliyeandika draiva mpya aliomba namba, akaandikwa kwenye orodha, na namba hiyo ikawa yake katika dunia nzima. Aliyeshika orodha hiyo kwa muda mrefu ni H. Peter Anvin, na kazi hiyo ikaja kuitwa LANANA. Njia hiyo ilikuwa na uzuri wake. Hata leo, namba 1 na 3 ni /dev/null, ile faili inayomeza kila kitu kinachotupwa ndani yake, katika kila mashine ya Linux. Na namba kubwa kutoka 240 hadi 254 zilitengwa kwa watu wanaojaribu draiva zao nyumbani, ili wasigongane na za wengine.

Lakini daftari lilikuwa dogo. Wakati huo kila namba ilikuwa na biti 8 peke yake, na biti 8 haziwezi kuhesabu zaidi ya 256. Viwanda vilikuwa vinatoa vifaa vipya kila mwezi, na kila kimoja kilitaka nafasi yake. Mwaka wa 2001, Torvalds aliomba ugawaji wa namba mpya usimamishwe, akitumaini kwamba kukosa namba kutawalazimisha watu kutafuta njia bora.

Njia zilikuja, na si zote zilidumu. Ya kwanza, devfs, iliyoandikwa na Richard Gooch, ilikuwa imeshaingia ndani ya kiini mwaka wa 2000. Ilikuwa inajaza yenyewe folda ya /dev kulingana na vifaa vilivyopo. Iliondolewa mwaka wa 2006. Iliyodumu ni udev, kazi ya Greg Kroah-Hartman, ambayo ilionekana mwaka wa 2003. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Linux 2.6 ilitoka ikiwa na nafasi kubwa zaidi: biti 12 kwa namba kubwa, maana yake 4096, na biti 20 kwa namba ndogo, maana yake zaidi ya milioni moja.

Tofauti kubwa haikuwa hesabu ya biti. Ilikuwa namna ya kufikiri. Tangu hapo, draiva mpya haina lazima ya kudai namba ya kudumu. Inaomba kiini kiipe namba yoyote iliyo wazi, kisha udev inasoma habari za kifaa chenyewe, nani alikitengeneza, kina namba gani ya kiwandani, kimeingia kwenye tundu gani, na inakipa jina kulingana na sheria zilizoandikwa. Namba inaweza kubadilika kila siku, jina linabaki.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na wale wanaosikitikia daftari la zamani wanakosea. Hakuna karani mmoja, hata awe na bidii namna gani, anayeweza kufuata viwanda vyote vya dunia. Tena daftari lilikuwa linajua aina ya kifaa tu. Halikuweza kusema kama diski hii ni ile ya mahesabu ao ile ya picha za arusi.

Lakini uamuzi huo ulihamisha mzigo. Zamani msimamo ulikuwa ndani ya namba, na mtu mmoja aliulinda. Sasa msimamo uko ndani ya jina, na jina linasimama tu kama fundi analijua na analitumia. Udev haiwezi kumsaidia mtu anayeendelea kuandika sdb.

Diski ina namba yake ya kuzaliwa

Kila mara diski inapotayarishwa kwa Linux, inaandikwa ndani yake UUID, namba ndefu ya biti 128 inayochaguliwa ili isifanane na nyingine yoyote. Namba hiyo inakaa ndani ya diski. Diski ikihamishwa kwenye tundu lingine, ao kwenye kompyuta nyingine ya mji mwingine, inabaki nayo. Fundi anaikuta katika folda ya /dev/disk/by-uuid, na pembeni yake iko folda by-id, inayoonyesha diski kwa alama ya kiwanda na namba yake ya kiwandani.

Kwa hiyo katika faili ya fstab, ambayo inaeleza mashine ni diski gani ifunguliwe wapi, hakuna sababu ya kuandika sdb1 tena. Iandikwe UUID. Na kabla ya amri yoyote ya kufuta, fundi atazame kwanza by-id, asome alama na ukubwa wa diski. Inaomba dakika moja. Mahesabu ya miaka mitatu hayarudi kwa dakika moja.

Iko hatari moja ya kujua. Mafundi wengi wanatayarisha mashine moja vizuri, kisha wanakopi diski yake nzima kwenye diski zingine ili wasirudie kazi. Kopi ya namna hiyo inabeba pia UUID. Diski mbili zenye namba moja zikiwekwa ndani ya mashine moja, ni kama wagonjwa wawili wenye fishi moja. Kisha kukopi, UUID ya diski mpya inafaa kubadilishwa.

Kadi za mtandao: kulinda mlango usiofaa

Kwa kadi za mtandao, hatari ni ya namna nyingine. Serveri yenye kadi mbili ilikuwa inaziita eth0 na eth1. Moja inatazama intaneti, nyingine inatazama kompyuta za ndani. Sheria za ulinzi zimeandikwa juu ya eth0. Siku kadi zinabadilishana majina, mlango wa nje unabaki wazi na ule wa ndani unafungwa. Mashine inaendelea kufanya kazi, na hakuna kengele inayolia.

Kwanza dawa ilikuwa kukumbuka kila kadi kwa anwani yake ya MAC, ile namba ya biti 48 inayotoka kiwandani. Lakini kadi ikiungua kwa umeme uliorudi na nguvu, na nyingine ikawekwa mahali pake, mashine iliona mgeni. Ikamwita eth1, na ikaendelea kumngojea eth0 ambaye alishatupwa. Fundi aliyebadilisha kadi vizuri alirudi nyumbani akidhani amemaliza, kumbe mtandao haukuwaka.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2013, toleo 197 la systemd lilileta majina mapya yanayofuata mahali kadi ilipo: eno1 kwa kadi iliyo kwenye ubao wenyewe wa mashine, enp2s0 kwa ile iliyochomekwa kwenye nafasi fulani. Wengi walilalamika, na wangali wanalalamika. Wanasema eth0 ilikuwa nyepesi kukumbuka, na kwamba kompyuta yenye kadi moja haina shida ya kuchanganya.

Malalamiko yao yana ukweli. Majina mapya hayapendezi, na si makamilifu: kuongeza kadi nyingine ndani ya mashine kunaweza kubadilisha hesabu ya nafasi, na enp3s0 ikaamka ikiitwa enp4s0. Lakini jina jepesi linalodanganya ni baya kuliko jina gumu linalosema kweli. Na anayetaka jina jepesi ana ruhusa ya kuandika sheria yake mwenyewe: kadi hii iitwe nje, ile iitwe ndani. Kazi ni mistari michache.

Somo la kadi ni kwamba msimamo uko wa namna mbili. Uko msimamo wa kitu chenyewe, na uko msimamo wa mahali. Kwa diski, watu wanatafuta kitu chenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo kazi zao zimo. Kwa kadi ya mtandao, mara nyingi wanatafuta mahali, kwa sababu kadi ni mfanyakazi tu, na atakayemfuata anafaa kukaa kwenye kiti chake. Fundi asiyejiuliza anataka msimamo gani, atachagua vibaya hata akiwa na vyombo vyote.

Vifaa visivyo na jina

Si kila kosa ni la fundi. Viko vifaa vinavyotoka kiwandani bila kitambulisho. Waya nyingi za bei rahisi za kuunganisha mashine kwa USB, zile zinazotumiwa kusoma mizani, modemu ao vyombo vya jua, hazina namba ya kiwandani hata moja. Waya mbili za aina moja zikiingizwa pamoja, Linux inaona mapacha. Moja itakuwa ttyUSB0, nyingine ttyUSB1, na kesho inaweza kuwa kinyume. Folda ya /dev/serial/by-id haiwezi kuzitenganisha.

Wanaotumia Windows wasicheke. Kwa vifaa vya namna hiyo, Windows nayo inategemea tundu. Waya iliyokuwa COM3 asubuhi inaweza kuwa COM5 jioni, kwa sababu tu mtu aliichomeka upande mwingine wa mashine.

Hapo inabaki njia moja: kutaja mahali, kwa kutumia by-path, kisha kubandika karatasi kwenye kila tundu na kila waya. Ni njia ya maskini, lakini inafanya kazi mpaka siku mfagiaji anaondoa waya na kuzirudisha kinyume. Wenye viwanda wanaokoa pesa kidogo sana kwa kutoandika namba ndani ya kifaa, na hasara inamwangukia mnunuzi wa mwisho. Anayenunua vifaa kumi kwa mradi ao kwa ofisi ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: kila kimoja kina namba yake?

Sababu ya kulisema hapa

Wengine watasema haya ni mambo ya nchi zenye serveri elfu. Ni kinyume. Katika chumba kikubwa cha serveri chenye umeme wa uhakika, mashine inaweza kukaa mwaka mzima bila kuzimwa, na jetoni ya siku ya kwanza inaendelea kutumika. Mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, mashine inaamka mara nyingi, na kila kuamka ni kugawa jetoni upya. Tena ofisi ndogo haina kopi tatu za kazi yake. Sekretariati ya mtaani inayochapa vitabu vya wanafunzi, redio ya wakaaji inayotunza sauti zake, kituo cha afya chenye orodha ya wagonjwa: mara nyingi kila kitu kiko kwenye diski moja.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kufanya, na hakuna hata moja linalongojea serikali.

Wanaofundisha waache kumwonyesha mwanafunzi sda na sdb kana kwamba ni majina. Somo la kwanza la diski liwe UUID na by-id. Sda lije kisha, likielezwa kama lilivyo, namba ya zamu.

Wanaoandika draiva ao programu za vifaa, na vijana wa Kongo wameanza kujaribu kazi hiyo, waache kiini kigawe namba, wasijichagulie moja kwa kubahatisha. Na programu yao isitafute ttyUSB0. Iulize kifaa kilichotajwa kwa kitambulisho chake.

Mwenye ofisi, hata kama hajui kompyuta, amwulize fundi swali moja kabla ya kumlipa: umeme ukikatika usiku huu, kesho mashine itajuaje kwamba diski hii ni hii? Fundi akijibu kwamba ni ya pili, kazi haijaisha. Akionyesha namba ya diski yenyewe, iliyoandikwa ndani ya mashine na pia kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski, alipwe.

Kiini cha Linux hakikuahidi popote kwamba wa kwanza wa leo atakuwa wa kwanza wa kesho. Ni watumiaji waliojipa ahadi hiyo wenyewe kwa mazoea, na ndio wanaoilipa siku inapovunjika. Kuacha mazoea hayo kunaanza na faili moja, fstab, na inaweza kurekebishwa leo, kabla umeme haujakatika tena.